Vipuri vya nailoni Dar: leti, printa au moldi?

Bushi ya nailoni iliyofungwa Julai ikazunguka vizuri inaweza kukwama Aprili inayofuata, masika yakiwa yamekolea, bila mtu kuigusa. Mwenye mashine humrudia fundi kwa ukali. Fundi naye hutoa udhuru na kuapa kwamba alichonga kwa kipimo cha sampo. Wote wawili husema kweli. Nailoni hunywa maji, hata yale ya hewani, na ikishanywa huvimba. Kwa hiyo katika tathmini hii ya huduma za kutengenezesha vipuri vya nailoni jijini, swali la kwanza kwa kila mtoa huduma si bei. Ni hili: unyevu na joto unavishughulikiaje?

Njia zenyewe ni nne. Kuna kuchongesha kutoka kwenye rodi kwa leti, mashine inayozungusha kipande kikichongwa. Kuna kuchapisha kwa printa ya 3D inayotumia filamenti, yaani uzi wa plastiki. Kuna kuagiza nje kipande kilichochapwa kwa unga wa nailoni. Na kuna kupiga moldi kiwandani, yaani kusukuma plastiki iliyoyeyushwa ndani ya kalibu ya chuma. Wateja wengi huanza na ile wanayoijua jirani, kisha wanailazimisha ifanye kazi isiyo yake.

Kwa bushi, rola ya geti, puli, washa na spesa, leti za Gerezani na Vingunguti hazina mpinzani. Unaingia asubuhi na sampo mkononi, jioni unaondoka na kipande. Hakuna kalibu ya kulipia wala mzigo wa kusubiri bandarini, na rodi iliyotoka kiwandani ikiwa nzima ndani kwa kawaida ni imara kuliko nailoni iliyojengwa tabaka kwa tabaka. Tukitoa alama, hapa ni 5 kwa 5 kwa kitu chochote cha mviringo kisichozidi vipande mia moja au mia mbili. Alama zinashuka kwenye malighafi na kwenye haraka ya fundi.

Tuanze na malighafi. Madukani karibu kila plastiki ngumu nyeupe huitwa nailoni, na rangi haithibitishi kitu: nailoni yenyewe huuzwa nyeupe ya maziwa, nyeusi, buluu hata kijani. Omba kipande kidogo cha mabaki na vikombe viwili vya maji. Kikombe cha kwanza kiwe na maji matupu. Kipande kikielea, hiyo si nailoni. Ni polithini au polipropilini. Kikizama, kihamishie kikombe cha pili, ambamo umekoroga chumvi kiasi cha gramu 350 kwa lita 1 hadi chumvi imegoma kuyeyuka. Nailoni tupu ina uzito wa kama gramu 1.14 kwa kila sentimita ya ujazo, na maji hayo ya chumvi yanafika kama 1.2, kwa hiyo itaelea. PVC (ya mabomba) na asetali (plastiki nyingine ngumu ya vipuri), zile zenye uzito wa 1.4, zitazama chini. Angalizo moja tu: nailoni iliyochanganywa nyuzi za kioo asilimia 30 nayo huzama, maana uzito wake hufika 1.36. Ukibaki na shaka, choma unyoya mwembamba wa kipande mahali penye hewa. Nailoni huyeyuka, hudondoka na kunuka kama nywele zilizoungua. Asetali hutoa harufu kali inayochoma macho, basi usiikaribishe puani.

Rodi zikiuzwa kwa kilo, piga hesabu kabla ya mzani. Chukua kipenyo kwa sentimita, kizidishe chenyewe kwa chenyewe, zidisha kwa urefu kwa sentimita, kisha zidisha kwa 0.9. Jibu ni gramu. Rodi ya milimita 60 yenye urefu wa mita 1 ni 6 mara 6 mara 100 mara 0.9, yaani kilo 3.24. Mzani ukisoma kilo 4, ama kipenyo kimezidi, ama hiyo si nailoni, ama mzani una lake jambo.

Uchongaji wa nailoni si mgumu, lakini hautaki mkono uliozoea chuma. Kisu kiwe kikali kweli, cha haispidi au kabaidi (metali ngumu za visu) isiyopakwa kitu, kimenolewa upya. Kisu kilichotoka kukata chuma hakikati nailoni. Kinaisugua, inapata joto, na uso unatoka na manyoya. Taya za mashine zikikazwa kwa nguvu ya kawaida, kipande hubonyea na kuwa na umbo la pembetatu laini. Kitachongwa kikiwa duara kamili, kikifunguliwa kinarudi na kupoteza uduara wake. Hili halionekani kwa macho. Pima kipenyo cha ndani mara tatu, kila mara ukizungusha bushi kidogo. Vipimo vikitofautiana kwa zaidi ya milimita 0.1, irudishe pale pale.

Kutoboa ndiko kunakopasua rodi nene. Nailoni haipitishi joto vizuri, hivyo drili inapozama moja kwa moja, moto wote hubaki katikati huku nje kukiwa baridi, na rodi ya kumimina ya milimita 100 inaweza kuachia ufa kwa mlio mkali. Fundi mzuri hutangulia na drili ndogo, huitoa kila baada ya milimita chache ili nyuzi zitoke, hupiga hewa au maji, kisha hupanua tundu kwa kisu cha ndani badala ya drili kubwa. Zile nyuzi ndefu zinazojizonga kwenye kipande nazo zishughulikiwe mashine ikiwa imezimwa. Zina tabia ya kuvuta kidole.

Halafu kuna subira, na hapa ndipo mafundi wengi hupoteza alama. Kipande kikichongwa kubaki milimita 1 ya ziada, kiachwe kilale usiku kucha, kisha kimaliziwe kesho yake kikiwa baridi, mikazo iliyokuwa ndani ya rodi huwa imeshatulia. Kikimaliziwa papo hapo kikiwa na joto la mkononi, hupungua baadaye. Nailoni hutanuka kwa joto mara saba hivi kuliko chuma: kipenyo cha milimita 50 kinachopoa kwa nyuzi joto 30 hupoteza karibu milimita 0.14. Kwa bushi, hiyo ndiyo tofauti ya kuzunguka na kukwama.

Sasa plei, yaani nafasi inayoachwa kati ya bushi na shafti. Sampo ya shaba au chuma isinakiliwe vipimo vyake kwenye nailoni. Tuchukue shafti ya milimita 40 na nyumba (tundu la chuma linaloshika bushi) ya milimita 55. Kwa nje bushi izidi nyumba kwa kama milimita 0.3 ili ibane. Ikishindiliwa, tundu la ndani nalo hupungua karibu kiasi hicho hicho, kwa sababu nyumba ya chuma haisogei. Plei ya kuzungukia iwe kama nusu asilimia ya shafti, yaani 0.2. Kwa hiyo kabla ya kushindilia tundu lichongwe 40.5. Fundi aliyezoea shaba atakushangaa. Mwache ashangae, lakini andika namba hiyo kwenye karatasi, usimwambie kwa mdomo.

Na hiyo ni kwa sehemu kavu. Nailoni 6, ambayo ndiyo hiyo ya rodi nyingi, ikikaa ndani ya maji hadi ikatosheka hunywa karibu asilimia 9 ya uzito wake. Hewani hunywa kidogo zaidi ya asilimia 2.5 kukiwa na unyevu wa asilimia 50, na hewa ya pwani yetu ina unyevu zaidi ya huo karibu mwaka mzima. Kila asilimia 1 ya maji huongeza urefu kwa asilimia 0.2 hadi 0.3. Kipande kilicho huru hukua kila upande na tundu lake hukua pia. Bushi iliyobanwa ndani ya chuma haina pa kukimbilia ila ndani, kuelekea shafti. Ukuta ukiwa mnene, tundu hufunga zaidi, basi bushi nyembamba ni salama kuliko nene. Na kwa kuwa maji huingia polepole, ukuta wa sentimita 1 huchukua miezi. Ndiyo ile hadithi ya Julai na Aprili.

Kwa mashine inayooshwa kila siku, kama konveya ya kiwanda cha maji ya chupa, tusizunguke: usitumie nailoni 6. Omba asetali, ambayo hunywa chini ya asilimia 1 hata ikitosheka, na ambayo leti huichonga kwa urahisi kuliko nailoni. Ni fundi anayesema hivi, ingawa rodi ya nailoni tayari anayo dukani, ndiye wa kumweka kwenye simu.

Gia ni habari nyingine. Gia ya meno yaliyonyooka huchongeka hapa mjini kwa mashine ya miling yenye kichwa cha kugawanya, mradi fundi awe na kisu cha moduli (kipimo cha ukubwa wa meno) inayotakiwa. Moduli unaipata kwa kugawa kipenyo cha nje kwa idadi ya meno ukiongeza 2. Gia ya meno 38 yenye kipenyo cha 60: 60 gawanya kwa 40, ni 1.5. Hapo sawa. Lakini gia ya meno 38 yenye kipenyo cha 63.5 inatoa 1.5875, na huo si uchakavu wala kosa la kupima. Ni gia ya vipimo vya inchi. Atakayekuambia "tunaweka 1.5, itaingia tu" anakuuzia kelele. Itaingia kweli, na meno yatalika upande mmoja.

Gia za mashine ndogo za kusaga nyama na zile za mota za vioo vya gari mara nyingi zina meno yaliyolala mshazari. Hapo hesabu hiyo haifanyi kazi moja kwa moja, na miling ya kawaida nayo inatapatapa. Hii ndiyo kazi ambayo printa inaiokoa, na ndiyo sababu ya maana ya kwenda kwenye printa: umbo ambalo kisu hakifiki. Kwenda kuchapisha bushi ya mviringo ni kulipa zaidi upate kitu dhaifu zaidi.

Watoa huduma wa printa za filamenti wameongezeka jijini, na kwa sampo za maumbo, vifuniko na vishikio wanafanya kazi safi. Nailoni lakini hutenganisha wenye vifaa na wale wenye hamu tu. Inahitaji kichwa chenye joto la nyuzi 240 hadi 280 za Sentigredi. Printa nyingi za bei nafuu zina mrija mweupe wa Teflon unaofika hadi ndani ya kichwa, na mrija huo huanza kuharibika ukipita nyuzi 240 hivi. Uliza kama kichwa ni chuma kitupu ndani. Jibu likiwa la kujiumauma, huduma hiyo ni ya PLA, plastiki ya kawaida ya printa, hata kama bango limeandikwa nailoni. PLA hulainika kwenye nyuzi 60 hivi. Kipande chake kikiachwa juu ya dashibodi ya gari lililoegeshwa juani Dar, jioni utakikuta kimelala.

Swali la pili ni ukaushaji. Filamenti ya nailoni iliyoachwa wazi kwenye hewa yetu huharibika ndani ya saa chache. Inatakiwa ikaushwe kwa nyuzi 70 hadi 80 kwa saa 8 hadi 12, kisha itumike ikitokea kwenye boksi lililofungwa lenye silika ya kunyonya unyevu. Huhitaji kipimo kujua kama hilo limefanyika. Simama karibu na printa usikilize. Filamenti yenye maji hulia pa-pa-pa kama mafuta ya kukaangia yaliyodondokewa maji, maana maji yanageuka mvuke ndani ya kichwa. Kipande hutoka na vitundu vidogo, uso wa ukungu na nyuzi kama utando wa buibui. Ukikivunja, tabaka zinaachana kwa unadhifu kama kurasa.

Hata ikikaushwa, tabaka ndizo udhaifu wake. Gia ichapwe ikiwa imelala chali, meno yakitazama pembeni, ili nguvu ipite ndani ya tabaka na si kati yake. Shafti ndogo iliyochapwa wima hukatika kwa kupinda kwa mkono. Pembe nazo hujikunja kuelekea juu nailoni inapopoa, kwa hiyo printa iwe ndani ya kabati, kitanda kiwe na joto la nyuzi 70 hadi 100 na gundi ya PVA imepakwa. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kitanda hupoa na kipande hubanduka. Hata printa ikikumbuka ilipoishia, mstari wa pale ilipoendelea hubaki kuwa mahali pa kuvunjikia. Uliza kama kuna betri ya akiba. Kwa gia za nailoni tunawapa 3 kwa 5, na wale wasio na kabati wala mashine ya kukaushia hatuwapi kitu. Si kwamba ni wabaya. Hiyo tu si kazi yao.

Kuagiza kipande cha unga ni njia ambayo wengi Dar hawaifikirii, na kwa gia ya meno ya mshazari ndiyo tunayoipendelea. Leza, au taa pamoja na wino maalumu, huyeyusha unga wa nailoni 12 tabaka baada ya tabaka, kila moja kama milimita 0.1, na unga ambao haujayeyushwa ndio unaoshikilia kipande. Hakuna nguzo za kukata baadaye, na tabaka hushikana vizuri kuliko za filamenti. Nailoni 12 pia hunywa maji kidogo sana, kama asilimia 1.5 ikitosheka, kwa hiyo masika haiisumbui kama inavyoisumbua nailoni 6.

Mipaka yake ijulikane kabla ya kulipa. Kosa la vipimo ni kama milimita 0.3 kwenda juu au chini, kwa hiyo tundu la shafti liagizwe dogo, kisha lisafishwe kwa leti hapa hapa. Ukuta usipungue milimita 1. Umbo lenye uvungu liwe na tundu la kutolea unga la milimita 4 au zaidi, la sivyo utalipia usafiri wa unga usio na kazi. Uso hutoka mkavu kama tofali laini na hushika uchafu; kwa mashine ya chakula hilo si jambo dogo. Bei huhesabiwa kwa ujazo, basi gia nene ipunguzwe nyama katikati, na ni heri kuagiza kumi kwa pamoja kuliko moja moja, kwa sababu gharama ya usafiri haipandi sawasawa na idadi. Mchoro wa 3D ni juu yako. Mchoraji akipima gia iliyolika, atachora gia iliyolika. Mpelekee pia ile inayoshikana nayo, na umpe umbali kati ya shafti mbili.

Moldi tutaipita haraka, maana wengi wanaoiulizia hawaihitaji. Kalibu ya chuma ya kipande kimoja ni gharama ya mamilioni kabla ya kipande cha kwanza kutoka. Gawa gharama hiyo kwa idadi unayotaka, linganisha na bei ya leti, jibu litakuja lenyewe. Chini ya elfu moja mara chache inalipa. Juu ya elfu kadhaa, hakuna kinachoishinda.

Cha kuangalia ni kwamba viwanda vingi vya plastiki hapa vimezoea polipropilini na polithini za ndoo, viti na vifuniko, na nailoni ina tabia zake. Punje zikaushwe kwa nyuzi 80 kwa saa kadhaa hadi maji yashuke chini ya asilimia 0.2, la sivyo kipande hutoka na michirizi ya rangi ya fedha na huvunjika kirahisi. Ikiyeyuka huwa nyepesi kama maji, kwa hiyo hupenya kwenye mwanya ambao polipropilini haiuoni, na kalibu iliyochakaa itatoa mapezi pembeni ya kila kipande. Hupungua kwa kama asilimia 0.8 hadi 1.5 inapopoa, kalibu iliyokatwa kwa kupungua kwa plastiki nyingine itakupa vipimo vya plastiki nyingine. Vipande vipya vikitoka vikavu kabisa huwa vya kukatika, hasa klipu za kubana, na dawa yake ni kuvilowesha kwenye maji ya moto saa kadhaa kabla ya kuvifunga. Mteja asiyejua hili hupokea mzigo, hubana klipu ya kwanza, inakatika, naye anaurudisha mzigo wote.

Kalibu ikishalipiwa, mkataba useme ni mali ya nani, inahifadhiwa wapi, na kwamba unaweza kuichukua siku utakayohama kiwanda. Iandikwe jina lako kwa kugongwa kwenye chuma chenyewe, maana stika hubanduka.